Kazi ya akili mnemba katika maabara ya taifa: anza na mikoko ya Lamu

Anayeomba kazi ya utafiti wa algoriti katika maabara ya taifa haulizwi kwanza anajua programu ngapi. Huulizwa ametatua nini, na amejuaje kwamba jibu lake ni sahihi. Kijana wa Lamu anaweza kulijibu swali hilo kwa ramani ya mikoko iliyochorwa na modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, kwani kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya.

Pakua picha za setilaiti za Sentinel-2. Ni za bure. Chukua bendi (safu za mwanga zinazopigwa picha kila moja peke yake) B2, B3, B4 na B8, zenye pikseli za mita 10, kisha uongeze B11 ya mita 20. Hiyo huathiriwa na unyevu, kwa hiyo husaidia kutenga mikoko na miti ya bara. Kokotoa pia NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea: (B8 − B4) ÷ (B8 + B4). Aina za miti, yaani mkandaa, mchu na mlilana, ziache kwa sasa; pikseli moja humeza miti kadhaa.

Tarehe ndiyo huwaangusha wengi. Setilaiti hupita kwetu karibu saa nne na nusu asubuhi. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mpevu, saa hiyo maji yamekupwa. Siku za maji mafu, karibu na nusu mwezi, saa iyo hiyo yamejaa: miche imezama na ukingo wa msitu unasomeka kama bahari. Ukilinganisha picha ya bamvua na ya maji mafu, modeli itatangaza mikoko imekatwa, kumbe ni maji tu yamepanda. Wavuvi wa Shela wanalijua hili tangu utotoni. Liandike wazi kwenye ripoti. Mwombaji aliyepakua data ya pwani asiyoijua hataliona.

Kusanya pointi 300 za kufunza na kupima modeli: 100 za mikoko, 100 za maji na matope, 100 za nchi kavu. Ukizichukua kwa simu, ingia msituni angalau mita 20 kutoka ukingoni, maana GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa.

Usizigawe pointi za kufunza na za kupima kwa kubahatisha. Pikseli jirani hufanana, hivyo modeli itafanya mtihani ambao majibu yake imeshayaona. Funza kwa visiwa vya Manda na Lamu, pima kwa kisiwa cha Pate. Alama zitashuka, hizo zilizoshuka ndizo za kuripoti, pamoja na jedwali la nini kilidhaniwa nini.

Kwa mafunzo ya kazini, ulizia KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi) Mombasa na Shirika la Anga la Kenya. Maabara za Marekani kama Oak Ridge na Argonne huajiri watafiti wengi wenye uzamifu (PhD). Los Alamos nafasi nyingi hudai uraia wa Marekani, basi soma sharti hilo kabla ya kujaza fomu. Na kabla ya kutuma, mpe mwenzako msimbo wako auendeshe kwenye kompyuta yake. Msimbo ukikwama kwake, utakwama kwa mwajiri.