Game Boy ya zamani haiwaki? Anza na betri

Kama bado unayo ile Game Boy, mashine ya mkononi ya kuchezea gemu iliyotoka 1989, usikimbilie kuipeleka kwa fundi Kariakoo. Fungua kwanza mfuniko wa betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye springi, betri zilivuja. Chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo tu, sugua taratibu mpaka chuma king'ae, kisha futa kwa spiriti ya duka la dawa na uache ikauke kabisa. Kaseti ya gemu nayo isafishe kwa spiriti. Usiipulize kwa mdomo: mate huleta kutu, na hewa ya Dar tayari ina unyevu mwingi. Weka betri 4 mpya za AA, washa Tetris. Matofali yakianza kushuka utasahau hata chai, ule utamu haujaisha kabisa! Ukiihifadhi, toa betri.