Namna ya Kupiga Picha ya Mwezi kwa Kamera ya Kawaida

Wengi wanaoelekeza kamera mwezini kwa mara ya kwanza huambulia doa jeupe lisilo na sura, wakadhani kamera yao ni hafifu. Sababu hasa ni kwamba kamera iliyoachwa ijipimie mwanga yenyewe huiona anga nyeusi iliyoijaza picha na kuruhusu mwanga mwingi uingie, ilhali mwezi ni mwamba unaopigwa na jua sawasawa na ardhi yetu wakati wa mchana. Kwa hiyo weka kamera katika modi ya M na upange mwanga mwenyewe: kwa ISO 200 (kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/8 (kipimo cha upana wa tundu linalopitisha mwanga), mwezi mpevu huhitaji kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga huruhusiwa kuingia, ya takriban sekunde 1/400, na mwezi nusu takriban 1/100. Tazama picha ya kwanza kwenye kioo, kisha rekebisha kasi mpaka mabonde na milima vionekane bila sehemu yoyote kuungua kwa weupe.

Mwezi huchukua takriban nusu digrii tu ya anga, hivyo lenzi ya milimita 200 huuchora kwenye sensa, kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa upana usiofika milimita 2. Mwenye lenzi ya milimita 300 au zaidi ataona tofauti kubwa. Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise, na ulenge fokasi kwa mkono huku umekuza ukingo wa mwezi kwenye kioo. Ukiwa pwani na kamera imetoka katika chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo lenzi itafunikwa na ukungu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutousubiri mwezi mpevu. Usiku huo jua huupiga mwezi kutoka upande wetu, vivuli hupotea, na uso wake huonekana bapa, ingawa miale myeupe inayotawanyika kutoka kasoko (shimo kubwa la mviringo) iitwayo Tycho hupendeza wakati huo. Chagua tarehe 7 hadi 10 za mwezi wa Kiislamu, kwani penye mpaka wa mwanga na giza vivuli huwa virefu na kila shimo hujichora. Karibu na tarehe 9, tafuta upande wa kusini kasoko ya Clavius, yenye upana unaozidi kilomita 200, ambayo ndani yake kuna vikasoko vidogo vilivyojipanga kwa upinde. Katika maeneo yetu ya karibu na ikweta, mwezi wa tarehe hizo huwa juu sana jioni, na mwanga wake hupita katika hewa kidogo, hivyo picha haitetemi.

Ukitaka mwezi pamoja na jahazi au mnara, piga jioni ya kuamkia mwezi mpevu, unapochomoza mashariki kabla jua halijazama na mandhari bado ina nuru. Ukubwa wa mwezi pichani hutokana na umbali wako na kile kitu: chenye upana wa mita 1 hulingana na mwezi ukikitazama kutoka mita 115, hivyo kwa tanga la mita 5 simama umbali wa takriban mita 575 na utumie lenzi ndefu uliyo nayo.