Saratani changa ya njia za hewa: tazama kwanza, gusa baadaye

Wengi tunaowaingizia bronkoskopu (mrija mwembamba wenye kamera wa kutazama njia za hewa) hapa Lubumbashi ni wazee waliovuta sigara miaka mingi, au waliokula vumbi la mgodi ujana wao wote. Wakifika wakikohoa damu, mara nyingi uvimbe umeshakomaa. Kinachoniuma ni doa la mwanzo, lenye unene usiofika milimita moja, ambalo taa nyeupe hulipita kirahisi.

Mng'ao asilia wa tishu hulifichua. Ukimulika ukuta wa bronki, yaani matawi ya njia ya hewa, kwa mwanga wa bluu, elastini na kolajeni, nyuzi zilizo chini ya utando, hung'aa kijani. Seli zikianza kuharibika, utando hunenepa na damu huongezeka hapo. Hemoglobini, rangi nyekundu ya damu, huumeza mwanga wa bluu, kijani kinafifia. Stephen Lam na wenzake wa Vancouver waliitumia njia hii tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Mashine nyingine hulionyesha doa kwa kahawia-nyekundu, nyingine kwa zambarau. Zijue rangi za mashine yako.

Hatua ya 1. Mgonjwa awe amefunga kula. Muulize kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda. Lidokaini ya ganzi, kipima oksijeni kidoleni, basi.

Hatua ya 2. Anza na taa nyeupe, pita kila tawi bila kugusa ukuta. Ute unyonye kidogo sana, katikati ya njia. Hapa niliwahi kukosea: ncha ya bronkoskopu ilibusu karina, pale njia ya hewa inapogawanyika mara mbili, nilipokuwa nanyonya. Nilipowasha bluu, nikaona duara jeusi lenye ukingo mkali, nikakata kipande kidogo cha nyama. Jibu la patolojia, maabara inayochunguza vipande hivyo: mchubuko. Yule baba alitoka damu kwa kosa langu.

Hatua ya 3. Geukia bluu, rudia njia ileile. Linganisha kila mahali na jirani yake, na kulia na kushoto. Mdomo wa tawi huwa na giza lake la kawaida; ukitilia shaka, sogea karibu na ubadili pembe. Doa la kweli halihami.

Hatua ya 4. Usikate chochote kabla hujamaliza mapafu yote mawili. Tone moja la damu linameza bluu na kuharibu picha yote inayofuata. Kisha kata kwenye doa, weka kipande kwenye formalini ya kukihifadhi, chupa moja kwa kila mahali.

Kifua kikuu, bronkaiti na makovu hufifisha kijani vilevile, na kwetu kifua kikuu ni kingi. Rangi pekee haitoi jina la ugonjwa. Tena, saratani zinazoanzia pembeni mwa pafu, bronkoskopu haifiki huko, zinahitaji skana.

Hatua ya 5. Kwenye fomu ya patolojia andika tawi, rangi uliyoiona, na kama mgonjwa aliwahi kutibiwa kifua kikuu. Andika pia namba mbili za simu, yake na ya mtoto wake. Jibu la displezia kali (seli zilizoharibika sana bila kuwa saratani bado) au saratani ambayo haijatoboa utando huchukua siku nyingi, na wakati huo mzee ameshapanda gari kurudi Likasi au Kipushi.