Mkutubi wa Amu, usingoje semina ya Nairobi: anza na maswali yaliyokushinda kaunta

Wakutubi wenzangu wa Amu (Lamu), na nyinyi wa Malindi, Mpeketoni, Kizingitini, na hata wale walimu ambao mumetwikwa funguo za maktaba ya shule juu ya vipindi vyenu (najua mko wengi), hii ni yenu. Kila nikikutana na mtu wa kazi yetu malalamiko ni yale yale, mafunzo yako Nairobi, bajeti hakuna, na kutoka huku ni boti mpaka Mokowe, basi la alfajiri, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, na hapo hujafika hata nusu ya safari. Ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba semina nyingi mtu anarudi na begi, kalamu na setifiketi, akifika kaunta yule mzee aliyemuuliza swali mwezi uliopita bado hajapata jawabu. Kwa hivyo mimi nasema tuanzie kwa yule mzee.

Chukua daftari la kawaida la mistari uliweke pale pale kando ya stempu ya tarehe. Kila swali likikushinda, au ukilijibu kwa kubahatisha, liandike: tarehe, swali lenyewe kwa maneno ya aliyeuliza (usilisafishe likawa Kiswahili cha mtihani), na wewe ulifanya nini. Jina lake usiandike, sababu inakuja huko chini. Fanya hivyo mwezi mzima, hata siku za foleni, tena siku za foleni ndizo zenye maswali ya maana. Mwezi ukiisha kaa na chai yako uyapange mafungu matatu: yaliyokushinda kwa sababu hujui, yaliyokushinda kwa sababu kifaa hakuna, na yale ambayo wajua na kifaa kipo lakini huna ruhusa. Fungu la kwanza tu ndilo la mafunzo. Nalikazia hili manake watu wanaomba kozi ya kompyuta na shida yenyewe ni printa iliyokufa tangu mwaka juzi, sasa kozi itaifufua vipi?

Kwa maktaba za huku utakuta mambo kama haya. Mama ataka kujaza fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa simu na hajui neno lake la siri ni lipi. Kijana asiyeona auliza kama kuna kitabu chochote hapa anachoweza kusoma. Mgeni ataka picha za Amu ya zamani. Mwanafunzi ataka kitabu cha sira (maisha ya Mtume), na wewe wajua kipo, ulikiona kwa macho yako, lakini shelfu ya dini imejaa na hukioni. Kila moja la hayo ni kozi ndogo inayokusubiri.

Tuchukue hilo la shelfu. Kwenye Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, Uislamu wote uko 297. Maktaba yenye vitabu vichache vya dini hiyo namba tupu inatosha, lakini Amu haitoshi kamwe, unakuta safu nzima imeandikwa 297 mgongoni na kupangwa kwa jina la mtungaji, tafsiri ya Qurani imekaa na kitabu cha ndoa, cha ndoa na cha hija. Dawa ni kujifunza kinachofuata baada ya nukta: 297.122 ni Qurani, 297.63 ni maisha ya Mtume, na kuendelea hivyo. Hiyo ni asubuhi mbili tatu za kusoma na wiki ya kubandika lebo, basi. Hali kadhalika mashairi yetu, lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake ni 896.392, lakini ingia maktaba nyingi utakuta tenzi zimetupwa kule 496 pamoja na vitabu vya sarufi kwa sababu tu "zote ni za Kiswahili". Mtoto anayetafuta mashairi atayapata saa ngapi?

Na ukikwama usikisie, fungua katalogi ya Library of Congress ya Marekani kwenye intaneti, ni bure. Wale wana ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya vitabu vya upande huu wa Afrika, kwa hivyo kitabu cha Kiswahili ambacho wadhani hakuna mwengine anacho mara nyingi utakikuta kule kimeshaorodheshwa, na vyengine vina namba ya Dewey. Ainisha chako kwanza kwa kichwa chako, ndipo ulinganishe na wao, na zikitofautiana ujiulize ni kwa nini. Kwangu mimi hakuna darasa la uainishaji linaloshinda hilo, na wala sio lazima ukubaliane nao kila mara, wasomaji wako unawajua wewe. Kama maktaba yenu inatumia Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, rekodi zao unaweza kuzivuta moja kwa moja kwa njia inayoitwa Z39.50, itafute kwenye sehemu ya kuorodhesha, kuna watu wana Koha miaka na hicho kitufe hawajakibonyeza hata siku moja. Na kama hamna Koha usiogope, programu yenyewe ni ya bure, ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000 kwenye maktaba za kawaida tu za umma, na mtandaoni kuna Koha za majaribio ambazo waweza kuingia ukachezea bila kuharibu kitu cha mtu.

Kuna swali jengine la huku kwetu ambalo sidhani kuna semina ya bara itakufundisha. Mtu anakuja na karatasi za marehemu babu yake zimefungwa kwenye kitambaa, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, auliza ni nini hizi na azifanye nini. La kwanza, kama huna mahali pakavu pa kuziweka usimwambie aziache kwako. La pili, ujue kazi ya namna hii imeshafanywa hapa hapa mjini, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa Endangered Archives (nyaraka zilizo hatarini kupotea) wa British Library na yaonekana mtandaoni bila malipo. Keti nayo jioni. Usiangalie picha tu, angalia maelezo yanavyoandikwa: kazi yaitwaje, mtungaji nani, nani aliinakili, lini, karatasi iko hali gani. Chora jedwali lako kwa vichwa kama hivyo ujaribu kulijaza kwa karatasi moja tu. Halafu mwendee maalim anayezisoma hati hizo, kwa adabu, baada ya alasiri akiwa amepumzika, umuombe akae nawe saa moja kwa wiki, na wewe umuonyeshe namna ya kupiga picha hati kwa simu: kwenye mwanga wa dirishani, flashi imezimwa, simu imelala sambamba na karatasi. Hapo hakuna mwanafunzi wala mwalimu, kila mmoja anapata chake, na gharama ni nauli ya miguu.

Sasa muda, manake hapa ndipo wengi mnaposema "naam naam" halafu hamfanyi. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lina miongozo ya mafunzo endelevu ya wakutubi, na yasema kiasi cha asilimia 10 ya saa za kazi ziwe za kujifunza, na taasisi itenge angalau asilimia 0.5 mpaka 1 ya bajeti yake kwa ajili hiyo. Kwa wiki ya saa 40 hizo ni saa 4. Usimpelekee bosi saa 4 siku ya kwanza, atacheka. Omba 2, asubuhi ya siku isiyo na watu wengi, watoto wakiwa shule. Na kwenye barua usiandike "naomba mafunzo", kwake yeye hilo neno ni posho na hoteli. Andika hivi: naomba saa mbili kila Jumanne nipange upya vitabu vya dini, wasomaji wameviulizia mara kadhaa mwezi huu na hatukuvipata, kufikia tarehe fulani kazi itakuwa imekwisha nitaleta ripoti ya ukurasa mmoja. Apinge nini hapo?

Wale mnaotaka pesa kabisa, kozi ya kulipia, kumbukeni katiba ya 2010 imeziweka maktaba kwenye kazi za kaunti, na mwaka wa fedha waanza Julai 1 lakini makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe yameshafika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Ombi lako likifika Juni limechelewa, limeshapita. Peleka kabla mwaka haujaisha, Novemba huko, likiwa na gharama zake na lile fungu la maswali kama ushahidi.

Mafunzo ya bure yako mengi kuliko muda wako, kwa hivyo chagua kwa daftari, sio kwa tangazo. WebJunction, tovuti ya mafunzo ya OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, ina kozi za bure kwa mkutubi yeyote duniani, ingawa mifano yake mingi ni ya maktaba za Marekani na itabidi uchuje. AfLIA, umoja wa maktaba za Afrika wenye makao Accra, hutangaza mafunzo ya mtandaoni na yale naona yako karibu zaidi na hali yetu. Na kuna kampeni ya 1Lib1Ref ya Wikipedia, kuanzia Januari 15 mpaka Februari 5 na tena Mei 15 mpaka Juni 5, kazi yake ni kila mkutubi aongeze chanzo kimoja kwenye makala. Yaonekana mchezo, lakini jaribu kutafutia chanzo sentensi moja kuhusu Pate au Siyu kwenye Wikipedia ya Kiswahili ndipo utajua kama waijua shelfu yako ya historia au waipita tu. Kuhusu bando: webina (semina ya mtandaoni) ya video yaimaliza, pakua maandishi yake au slaidi ukiwa kwenye wifi usome baadaye, stima ikipotea pia hukatiki.

Yule kijana asiyeona nisimsahau. Soma juu ya Mkataba wa Marrakesh wa 2013, Kenya ilijiunga 2017. Kwa ufupi unafungua njia ya kutengeneza nakala ambazo asiyeona aweza kuzisoma au kuzisikiliza bila kwanza kumuomba ruhusa mwenye hakimiliki. Kisha keti naye mwenyewe na simu yake, simu nyingi zina kisoma skrini (kinachosoma maandishi kwa sauti) ndani yake, yeye pengine anakijua kukushinda, mwache akufundishe.

Kuvu sasa. Hili ningeweza kuliandikia siku nzima. Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu, kuta za mawe zavuta maji, na mvua za masika zikianza vitabu vinanuka kabla hujaona kitu. Kitabu kikiota kuvu kitoe shelfuni ukitie peke yake kwenye mfuko wa karatasi, sio wa plastiki, plastiki yafungia unyevu ndani. Kianike mahali pa kivuli penye upepo, kimesimama, kurasa zimeachana kidogo, usikiweke juani manake jalada litakunjika na rangi itafifia. Kikishakauka kabisa ndipo ukipanguse, nje ya jengo, kwa brashi laini, barakoa usoni, ukisukuma vumbi mbali nawe. Kikiwa bado kibichi usikiguse kwa brashi wala kitambaa, utaipaka kuvu ndani ya karatasi. Baadaye rudi pale kilipokaa uangalie, nusu ya kesi ni shelfu imebanwa ukutani, ivute mbele kiasi cha kiganja hewa ipite. Nunua kipima unyevu kidogo, uandike kipimo asubuhi na jioni, kikikaa juu ya asilimia 65 siku nyingi mfululizo kuvu iko njiani. Hiyo karatasi ya vipimo, ya mwezi mmoja tu, ndiyo utakayompelekea mkubwa ukitaka feni, na ndiyo mafunzo yako ya uhifadhi hayo, umeyafanya bila kwenda popote.

Nilisema usiandike majina daftarini. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data, na kile kitabu cha kuazimisha kilichofunguliwa kaunta, chenye jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho vya watu wote wa mtaa, kila anayekuja kusaini anamsoma mwenzake, hicho ni shida. Mji wenyewe huu mdogo. Soma sheria hiyo sehemu zinazokuhusu, ni usomaji mkavu lakini sio mrefu hivyo, halafu hamia kwenye kadi moja kwa kila msomaji. Na yule mama wa eCitizen, msaidie akiwa ameshika simu mwenyewe, neno la siri aandike yeye.

Karatasi pia zina kazi yake, siwadanganyi, kupanda cheo kunataka cheti. Aliye na cheti cha chini aangalie diploma kwanza kabla ya kuota shahada, na wa shahada kuna vyuo vikuu vya Moi kule Eldoret, Kenyatta, Technical University of Kenya. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili: masomo gani yanafanyika kwa mbali, na mazoezi ya kazini waweza kuyafanyia kwenye maktaba yako mwenyewe.

Kwa wenye visiwa vya mbali, pigieni simu maktaba ya Garissa kabla hamjapeleka mtu kokote. Walianza huduma ya vitabu kwa ngamia 1996, wanajua sanduku linabeba vitabu vingapi, vinarudi vipi, nani anasaini. Punda tunao, mashua tunazo, ya ngamia yao hayana tofauti kubwa.

Weka faili moja: ripoti zako za ukurasa mmoja, jedwali la vipimo, picha ya shelfu kabla na baada, setifiketi ukipata. Siku ya usaili utaishika mkononi. Na kalenda yako ipange ukiijua: Ramadhani usijiandikishe webina ya jioni, itakukuta na sambusa mkononi, wiki ya Maulidi mji umejaa wageni na maswali yao, hiyo ni ya kujaza daftari tu. Kozi yenye mtihani iweke baada ya Idi.