Kujenga mashua kwa mkono: anza na mti uliopinda

Wengi wakitaka kujenga mashua wanatafuta mbao zilizonyooka tu, mimi nasema tafuta na miti iliyopinda. Kisiwani hakuna umeme wala duka la karibu, mti ndo kila kitu, ukikosea hapo hata tezo yako ya kuchongea iwe kali vipi chombo hakidumu.

Ukishalaza mkuku, ule mti mkuu wa chini, ukasimamisha nguzo mbili, hanamu mbele na fashini nyuma, na mbao za kwanza za chini zikakaa, usikimbilie kupigilia mataruma, yaani mbavu za chombo. Chukua waya laini, ukunje ufuate tumbo la chombo kwa ndani pale taruma litakapokaa, halafu nenda nao porini. Unapita mti hadi mti unaulinganisha na matawi mpaka upate lenye mkunjo huohuo, unaweza kumaliza siku nzima ukarudi na mawili tu lakini vumilia, maana taruma la kukata kwa msumeno toka ubao ulionyooka nyuzi zake zimekatika penye kona na wimbi likipiga linapasukia hapohapo. Tawi lililopinda lenyewe, nyuzi zinafuata mkunjo mwanzo mwisho. Chonga kidogo, jaribisha, toa, chonga tena mpaka likae bila kulilazimisha.

Misumari toboa kwanza kwa keekee, tundu liwe jembamba kuliko msumari, la sivyo ubao unapasuka. Tumia iliyopakwa zinki na usiichanganye na ya shaba, kwenye maji ya chumvi vikigusana chuma kinaliwa haraka.

Sasa kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao, hapa ndo naomba sana msiharakishe. Sokota pamba kama kamba, ichovye mafuta, iingize kwenye maungio kwa chembeu (patasi butu) na nyundo, mapigo mepesi. Usishindilie mpaka basi! Mbao zikinywa maji zinavimba, zikikosa nafasi zinasukumana na kung'oa misumari.

Kabla ya kushusha, jaza maji ndani chombo kikiwa bado nchi kavu, usijaze mpaka juu maana uzito utakifungua, kisha zunguka nje na mkaa uweke alama kila panapotiririka. Mwaga, rudia kalafati hapo. Kikishaingia baharini kitavuja bado siku za mwanzo, usianze kuongeza pamba, we kumba maji tu asubuhi na jioni, ubao ukishavimba maungio yanajifunga yenyewe.