Somo: Kuomba unachotaka bila kuzungukazunguka

Wadau, kuna watu wanaomba chenji yao kwa konda kama wanaomba sadaka, halafu jioni hao hao wanampigia kaka yao simu kudai hela ya kusuka kama vile walimkopesha. Tunasema hatuna ujasiri, kumbe tunachanganya mafaili. Tuanze hapo.

Hatua ya 1: Jua unachokiomba ni cha nani

Kuna vitu ambavyo ni vyako tayari: chenji, risiti, mshahara wa mwezi uliokwisha, likizo. Kuna vya soko, ambavyo si vyako bado lakini vina bei ya kuelewana: gauni la mtumba pale Karume, kodi ya chumba, mshahara wa kazi mpya. Na kuna vya hisani, ambavyo mwenye navyo akikunyima hajakukosea: lifti, mkopo, kupelekewa barua mahali.

Chako unakidai kwa upole. Cha soko unakitajia bei. Cha hisani unakiomba na kumwachia mtu mlango wa kukataa. Ukikosea fungu, hata maneno matamu hayasaidii. Ukimbembeleza konda anajua huna uhakika, na ukimkoromea shangazi kuhusu mkopo umejifungia mlango mpaka mwakani.

Likizo ndiyo inayotuumbua zaidi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo zenye malipo kwa kila mzunguko wa mwaka. Wikiendi zimo humo humo. Mwajiri anaweza kupanga uende lini kulingana na kazi, lakini kukunyima kabisa hawezi. Sasa mtu mwenye haki hiyo anaingia ofisini na kusema, "Samahani bosi, sijui kama itawezekana, nilikuwa nafikiria labda, kama hutojali..." Bosi hajui hata kama ameombwa kitu.

Hatua ya 2: Salamu kamili, kisha shida yako kwa sentensi moja

Sisemi uache salamu. Hapa kwetu asiyesalimia amekwishakosa. Shikamoo, za nyumbani, poleni na kazi, maliza yote. Ukimaliza, umemaliza, usirudi tena kwenye hali ya hewa. Sema: "Bosi, naomba kuanza likizo yangu tarehe 3 mwezi ujao. Kazi zangu nitamkabidhi mwenzangu kabla ya hapo."

Kwenye WhatsApp ndiyo balaa. Mtu anakutumia "Mambo", unajibu "Poa", kisha kimya mpaka kesho yake: "Za siku nyingi?" Ndugu, andika salamu na shida kwenye ujumbe mmoja. Anayesoma ana kazi zake.

Hatua ya 3: Taja kiasi, siku, au kitu chenyewe

"Nisaidie chochote" inamtesa unayemwomba, maana anaanza kukisia. "Naomba unikopeshe elfu hamsini, nitarudisha tarehe 30" inajibika. Kwa daktari pia: badala ya kutikisa kichwa na kuondoka, uliza, "Hii dawa ni ya nini, na nisipopata nafuu nirudi baada ya siku ngapi?" Andika maswali kwenye simu kabla hujaingia, ukiwa ndani utasahau.

Hatua ya 4: Nyamaza

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na sokoni ndipo pa kuifanyia mazoezi. Muuzaji anakwambia gauni elfu 30. Usimuulize "mwisho ngapi?", maana hapo umempa yeye kazi ya kuchagua mwisho wako. Taja yako: "Nina elfu 15." Kisha funga mdomo. Atacheka, atasema hiyo haijafika hata mtaji, atageuza gauni akuonyeshe mshono wa ndani. Wewe shika gauni, liangalie, kaa kimya. Wengi wetu kimya kikifika sekunde ya tatu tunajipandishia bei wenyewe: "Basi kumi na nane... haya ishirini." Hakuna aliyekuuliza! Akishuka hadi 25, ongeza kidogo mara moja tu. Ikigoma, mshukuru na uondoke taratibu. Ukisikia "dada njoo, leta hiyo", mmeelewana. Usiposikia, bei yako kweli haikufika mtaji, na hiyo nayo ni taarifa ya kuendea meza ya pili.

Hatua ya 5: Ukikataliwa, uliza swali moja tu

Kwa kilicho chako: "Sawa, basi lini?" Kwa cha soko: "Tufanyeje ili tukutane?" Kwa cha hisani usiulize kitu. Sema "Nimekuelewa, asante", na kweli umwelewe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali: Mimi ni kijana wa miaka 23, bosi wangu ni mtu mzima kama baba. Nikisema moja kwa moja hivyo si utovu wa adabu?*

Adabu iko kwenye shikamoo, kwenye sauti, na kwenye kuchagua wakati ambao hana wageni. Kumzungusha mzee dakika kumi kabla ya kusema shida, hiyo si heshima, unamchosha. Mwite mzee, mwite baba, lakini tarehe itaje.

*Swali: Nimeomba likizo mara mbili, naambiwa "kazi nyingi, subiri". Nifanyeje?*

Weka ombi kwa maandishi, hata barua pepe fupi, utaje tarehe unazotaka na uombe upangiwe nyingine kama hizo hazifai. Neno "subiri" halina tarehe, barua inayo. Ikishindikana kabisa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ila angalia muda: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60.

*Swali: Niko Mombasa. Na sisi ni siku 28?*

Hapana. Kenya mna sheria yenu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Ni siku zisizopungua 21 za kazi baada ya kila miezi 12, kwa hiyo kwenu wikiendi hazihesabiwi. Kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki, siku 21 ni wiki nne na siku moja, kwa hiyo mmetuzidi kidogo.

*Swali: Dukani Kariakoo naulizwa "na risiti au bila risiti?", na ya risiti bei inapanda. Nimjibuje?*

"Nipe na risiti, kwa bei uliyonitajia mwanzo." Basi. Risiti iko kwenye fungu la vitu vyako, na sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Ukikamatwa nje na mzigo bila risiti, faini inakuhusu na wewe. Akigoma, duka la jirani lina bidhaa ile ile.

*Swali: Shemeji nilimkopesha elfu 80 tangu Pasaka. Nikidai naogopa kuvunja undugu.*

Hela ilitoka kwa hisani, lakini kurudi ni chako. Mtafute mkiwa wawili, si mbele ya mkewe wala kwenye grupu la familia. Usianze na hadithi ya ada za watoto wako, ataona unatafuta huruma. "Shem, ile elfu 80 naihitaji kufikia mwisho wa mwezi. Ukiona nzito, nipe 40 sasa na 40 mwezi ujao." Mwenye deni mara nyingi anakukwepa kwa sababu hana zote, ukimgawia anapata pa kuanzia.

*Swali: Mimi sauti inatetemeka na machozi yanataka kutoka. Hata kwa mama ntilie nashindwa kusema wali umepoa.*

Basi anza kwa mama ntilie. Kesho mwambie, "Mama, niongezee mchuzi." Keshokutwa, "Mama, wali huu umepoa, nibadilishie." Sauti ikitetemeka iache itetemeke, sentensi yenyewe haizidi maneno matano. Mwezi mzima usiguse la bosi wala la shemeji. Ukianza kubadilishiwa wali bila moyo kwenda mbio, rudi hapa tupange la chenji.