Kupeleka kipimo cha VVU kijijini: fuata mwezi na maji

Zanzibar, maambukizi ya VVU kwa watu wote kwa jumla yako chini ya asilimia 1, basi wengi huona jambo hili haliwahusu. Asiyejiona yumo hatoki kwake kwenda kupima. Hivi ndivyo tunavyowafuata vijijini Pemba, kwa utafiti na kwa kipimo.

1. Kibali. Pata cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha muone sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Mueleze kazi yote, ila orodha ya majina ya waliopima asipewe, hata akiiomba kwa nia njema.

2. Kalenda. Hapa ndipo wengi hukwama. Safari moja tulifika saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, tukakuta watoto na kuku tu. Maji yalikuwa yametoka, kina mama wote wako mwanini, kwenye mashamba yao ya mwani ufukweni. Wavuvi wa dagaa nao hutoka usiku wa kiza. Mbalamwezi ikikolea huwa nyumbani wanashona nyavu. Basi wavuvi waendee mbalamwezi, kina mama maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana.

3. Mazungumzo. Usiulize "kwa nini hupimi?" Uliza: "Ukitaka kupima leo utapita wapi, na nani atakuona?" Mzee mmoja, sindano ya nyavu mkononi, alinijibu: "Mwanangu, kituo nakijua. Mlangoni hukaa shemegi yangu." Tangu siku hiyo hatuulizi kilomita tu, twauliza na macho ya watu.

4. Kipimo cha kujipima. Mtu asile wala asinywe kwa dakika 15. Apitishe kijiti cha kipimo mara moja ufizi wa juu, mara moja wa chini, akitie kwenye kichupa, asubiri dakika 20, asome kabla ya 40. Wataulizia kama mate yanaambukiza. Hayaambukizi, kipimo kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Mistari miwili huashiria VVU, lakini bado si jibu la mwisho, athibitishe kituoni, na umsindikize akikubali. Mstari mmoja, yaani VVU havikuonekana, kwa aliyekuwa hatarini ndani ya miezi 3: arudie baadaye.

Ikiwa hatari ilitokea ndani ya saa 72, usimpe kijiti asubiri. Awahi kituoni, apimwe na aanze dawa za kinga za siku 28. Kila saa ina thamani.

5. Kurudisha matokeo. Rudi barazani uwaeleze mlichokikuta, lakini chunga maneno. Kwenye kijiji cha nyumba 60, ukisema "mvuvi mmoja mwenye wake wawili", umeshamtaja jina.